Daraja la meno kwa miaka sita: uzoefu wangu

Jino nililolipoteza ni gego la kwanza la chini upande wa kushoto, lile ambalo huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, mara nyingi bila mzazi kutambua kwamba tayari ni jino la ukubwani. Langu lilikuwa limeshazibwa mara mbili, kisha likapasuka hadi kwenye mzizi, na daktari hakuwa na njia nyingine ila kuling'oa. Nilikaa na pengo hilo kwa takriban miaka miwili, nikijiambia kwamba halionekani ninapocheka na kwamba upande wa kulia unanitosha kutafunia. Kati ya yote nitakayoyaeleza hapa, kungoja huko ndiko ninakokujutia zaidi.

Nilipokwenda hatimaye kutafuta jino la badala, picha ya eksirei ilionyesha jambo ambalo sikuwa nimelihisi hata kidogo: gego la nyuma ya pengo lilikuwa limeinamia mbele, na lile la juu, kwa kukosa mwenzake wa kukutana naye, lilikuwa limeanza kushuka. Meno hushikiliana ubavu kwa ubavu na juu kwa chini, na moja likiondoka mengine huanza kuhama polepole, pasipo maumivu yoyote ya kumwonya mwenyewe.

Nilielezwa njia tatu. Ya kwanza ni jino bandia la kuvaa na kuvua. Ya pili ni pandikizi, yaani skrubu ya titani inayopandwa ndani ya mfupa wa taya na kuachwa kwa miezi kadhaa ili mfupa uishike, ndipo jino lifungwe juu yake. Ya tatu ni daraja: meno mawili yanayopakana na pengo huchongwa yakawa nguzo, kila moja huvikwa taji, yaani kofia ngumu yenye umbo la jino, na jino bandia la katikati hushikamana na mataji hayo kuwa kitu kimoja kisichovuliwa. Niliuliza pia kuhusu daraja linaloitwa la Maryland, ambalo hugandishwa kwa mabawa madogo nyuma ya meno jirani bila kuyachonga sana, nikajibiwa kwamba hilo huwafaa zaidi waliopoteza jino la mbele, kwani nguvu ya kutafuna kwenye magego ni kubwa na huelekea kulibandua.

Nilichagua daraja la kawaida, na ningependa kueleza kwa makini jinsi nilivyofikia hapo, maana ndipo wengi wanapokubali haraka. Daraja hulipiwa kwanza na meno mawili jirani. Ili taji likae sawasawa, daktari huondoa takriban milimita 1 hadi 2 za jino kulizunguka na juu yake, na enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ikishaondolewa hairudi tena. Gego langu la nyuma lilikuwa na kiraka kikubwa cha zamani na lingehitaji taji siku moja, kwa hiyo kulichonga hakukunihuzunisha. Jino la mbele ya pengo, lile gego dogo, lilikuwa zima kabisa, halijawahi kuguswa na mashine. Daktari aliniambia wazi kwamba kulichonga ni kuliingiza katika hatari ambayo halikuwa nayo, akanipa wiki moja nikafikiri. Ninamshukuru mpaka leo kwa wiki ile. Niliridhia kwa sababu sikuwa tayari kwa upasuaji wa pandikizi, lakini niliridhia nikijua ninachokitoa.

Kazi ya kuchonga ilichukua karibu saa mbili. Baada ya sindano ya ganzi sikusikia maumivu, ila mtetemo, maji, na ile harufu ya jino linalosagwa. Hapo ndipo miaka miwili ya kungoja iliponidai: kwa kuwa daraja ni kipande kimoja kigumu kinachoshuka juu ya nguzo mbili kwa wakati mmoja, nguzo hizo sharti zisimame sambamba, na gego langu lililoinama lilibidi lichongwe zaidi upande mmoja, karibu na neva kuliko daktari alivyopenda. Kisha niling'ata kisahani kilichojaa ute mzito, ambao uliganda kwa dakika chache na kubaki na umbo la meno yangu, ukapelekwa kwa fundi wa maabara. Nilitoka na daraja la muda la plastiki.

Daraja hilo la muda lilibanduka siku ya tano. Nililihifadhi, nikapiga simu, na kesho yake likarudishwa mahali pake. Ninalitaja kwa sababu wapo wanaoona kwamba siku chache bila daraja la muda si kitu, na wapo wanaoligandisha kwa gundi ya nyumbani. Meno yaliyochongwa yakiachwa wazi huumizwa na hewa na maji baridi, tena yanaweza kusogea kidogo, na kusogea kidogo tu kunatosha kulifanya daraja la kudumu lisiingie.

La kudumu, lililotengenezwa kwa zirkonia, aina ya kauri ngumu, lilikuja baada ya wiki mbili. Umbo na rangi vilinifurahisha mno; mwenzangu wa nyumbani hakuweza kuonyesha ni jino lipi lililo bandia. Lililonisumbua ni kimo. Kabla ya kuligandisha, daktari huweka karatasi nyembamba yenye wino wa bluu kati ya meno, nawe unang'ata na kusugua huku na huku, kisha yeye anasaga pale palipoachwa doa zito. Siku hiyo nusu ya mdomo wangu ilikuwa bado na ganzi, nikasema liko sawa. Ganzi ilipoisha usiku, nilihisi kana kwamba nimeng'ata punje ya mchanga, na kufikia siku ya tatu gego la nyuma liliuma kila nilipofunga mdomo. Mhudumu aliyepokea simu aliniambia nitazoea. Jibu hilo silikubali hata kidogo, kwani daraja lililozidi kimo kwa unene wa unywele tu hubeba peke yake mzigo ambao ulipaswa kugawanywa kwa meno yote. Nilirudi, karatasi ya bluu ikatolewa tena, doa moja likasagwa kwa dakika chache, na maumivu yakaisha siku mbili baadaye. Meno kusisimka kwa maji baridi kuliendelea wiki tatu hivi, kukatoweka kwenyewe.

Kutafuna kulirudi kama zamani, na katika hilo sina lawama. Linalohitaji uangalifu wa kila siku ni usafi wa chini ya daraja. Jino bandia haliozi, lakini nguzo zake huoza, na huanza kuoza pembezoni mwa taji, kwenye ufizi, mahali ambapo mswaki haufiki na jicho halioni. Uzi wa kawaida wa kusafishia meno hauwezi kushuka kati ya meno yaliyounganishwa. Mimi hutumia uzi wenye ncha ngumu: ninaipenyeza ncha kutokea shavuni, chini kabisa, kati ya nguzo na jino bandia, naitokeza upande wa ulimi, kisha sehemu nene yenye manyoya inasugua tumbo la daraja na ubavu wa nguzo. Mwanzoni ilinichukua dakika tano na mate yakinichuruzika. Siku hizi ni chini ya dakika moja.

Katika mwaka wa pili nililegea. Kulikuwa na miezi ambayo nilipiga mswaki tu, nikaanza kuona damu na kusikia harufu mbaya upande ule. Daktari aliukuta ufizi wa lile gego dogo, jino langu lililokuwa zima, umevimba kwa ukoga uliojikusanya chini ya daraja. Eksirei ilionyesha kwamba lilikuwa bado halijaoza. Alikwangua ukoga wote, na tangu siku hiyo sijalala bila kupitisha uzi.

Kwa mtu ambaye meno yake jirani na pengo tayari yana viraka vikubwa au mataji, ninalipendekeza daraja bila kusita. Mwenye meno jirani mazima kabisa ningemshauri aulizie pandikizi kwanza, na mwenye fizi zinazougua au meno yanayolegea atibiwe kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu nguzo zikitikisika daraja halina pa kusimama. Madaraja mengi hudumu miaka 10 au zaidi yakitunzwa. Langu lina sita. Katika uchunguzi wa mwisho nguzo zote mbili zilikuwa nzima, ila ufizi ulio chini ya jino bandia umenywea kidogo, kwani mfupa usio na mzizi hupungua taratibu, na chakula sasa hujibana pale. Daktari ameniongezea kiburashi chembamba cha kupitisha hapo kila baada ya mlo.