Uzoefu wangu na programu za drafti ya majaribio: shabiki wa Vikings kwenye kiti cha meneja

Nianze na hukumu, asiye na muda aondoke nayo: nyota nne kati ya tano. Programu hizi ni za bure, zinafunguka kwenye simu ya kawaida, na zimebadilisha kabisa namna sisi mashabiki wa Minnesota Vikings, timu ya mpira wa Kimarekani, tunavyobishana kuhusu vijana wa vyuo. Nyota moja nimeibania kwa sababu ya kitufe kimoja, kile kinachokuruhusu kuuza nafasi za mwaka ujao. Nitakifikia. Kampuni sitaji, maana nimetumia zaidi ya moja, na zote zinafanana kwa mazuri na kwa mabaya.

Kwa waliokulia kwenye Ligi Kuu ya Uingereza, nieleze kidogo. Huku Marekani kijana anayetoka chuoni hajichagulii timu, wala timu haiendi sokoni na gunia la pesa. Timu 32 za NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, zinapanga foleni, iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ikiwa mbele, na kila moja inataja jina zamu yake ikifika. Hiyo ndiyo drafti: raundi saba, mwishoni mwa Aprili. Nafasi kwenye foleni nayo ni mali: inauzwa, inabadilishwa, na ya mwakani unaweza kuitumia leo.

Kuanzia Februari, mpira wenyewe ukiwa umelala, sisi ndio tunaamka. Hapa Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, Wakenya tuko wengi, na kijiwe chetu kina Watanzania na jamaa wawili watatu wa Goma. Baadhi yetu tulianza kuufuatilia mchezo huu mwaka 2013, Daniel Adongo alipotoka kwenye raga na kusajiliwa na Indianapolis Colts. Yeye hakupitia drafti hata kidogo, lakini ndiye aliyetufanya tukae mbele ya televisheni mpaka tukajua sheria. Leo ukitukuta mwezi wa Machi utadhani tumeajiriwa na timu.

Zamani ubishi wetu haukuwa na mwisho kwa sababu haukuwa na bei. Mtu anasimama, sahani ya pilau mkononi, anasema, "Tumchukue huyu, na yule, na yule mwingine wa Georgia." Ukimuuliza atawapataje wote watatu, anakujibu kwamba hiyo ni kazi ya meneja. Programu ya drafti ya majaribio inamnyima mtu huyo mlango wa kutokea. Unachagua timu yako, kompyuta inaendesha zile 31 nyingine, na majina yanaanza kuondoka mbele ya macho yako. Uliyekuwa unamtaka anachukuliwa nafasi mbili kabla yako. Sasa sema, wewe mwenye timu, unafanya nini?

Sehemu iliyonipendeza kuliko zote ni meza ya kubadilishana. Ukibonyeza kitufe, skrini inagawanyika: nafasi zako upande mmoja, za wenzako upande wa pili, na chini kuna mstari wa rangi. Unaanza mwekundu. Ukiongeza kitu unasogea kwenye njano. Ukifika kijani, wamekubali. Hapo ndipo nimeona watu wazima wakinyamaza.

Chukua mwaka 2024. Machi, Kirk Cousins, kwotabeki wetu, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, alihamia timu ya Atlanta kwa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 180. Tukabaki na nafasi ya 11 na pengo kubwa kuliko yote uwanjani. Siku chache baadaye Vikings wakafanya biashara na Houston na kupata nafasi ya 23, wakitoa ya 42, ya 188 na ile ya raundi ya pili ya mwaka 2025, wakarudishiwa ya 232. Kijiwe kikawaka. Kambi ya kwanza ilimtaka Drake Maye wa North Carolina kwa bei yoyote. Ya pili ilisema tutulie, J.J. McCarthy wa Michigan atatufikia. Ya tatu, ndogo lakini yenye kelele, ilisema kwotabeki asubiri, kwanza tumpate Dallas Turner wa Alabama aje kuwawinda makwotabeki wa wenzetu.

Shemeji yangu alikuwa kambi ya Maye. Akashika simu, akaweka nafasi ya 11 na ya 23 mezani, akaomba ya 3 ya New England. Mstari ukabaki mwekundu. Hakuamini. Nikamwonyesha jedwali la zamani linalohusishwa na Jimmy Johnson, aliyekuwa kocha wa Dallas Cowboys miaka ya mwanzo ya 1990, ambalo mashabiki wengi wanalitumia mpaka leo. Nafasi ya 1 ina pointi 3,000. Ya 3 ina 2,200. Ya 11 ina 1,250 na ya 23 ina 760, jumla 2,010. Pungufu ni pointi 190, na hiyo ni thamani ya nafasi ya 80, yaani raundi ya tatu. Tena hapo hujamlipa muuzaji ile nyongeza ambayo timu yoyote inaitaka ikijua mnunuzi ana njaa ya kwotabeki. Alipoongeza raundi ya kwanza ya mwaka 2025, mstari ukageuka kijani papo hapo, na programu ikampongeza.

Akashangilia. Mimi nilisikitika, na ndipo nilipokielewa kile kitufe. Alikuwa ametoa mali ambayo programu haitakuja kuidai. Ukifunga ukurasa, mwakani hakuna. Kesho unafungua upya, nafasi zako zote zimerudi kama hazikuguswa. Meneja wa kweli anaamka Aprili inayofuata na kukuta foleni imempita.

Hili si jambo la kubuni, limetutokea. Usiku wa drafti yenyewe, Aprili 25, 2024, kule Detroit, New England walibaki na nafasi yao ya 3 wakamchukua Maye. Vikings walisogea hatua moja tu, kutoka 11 hadi 10, wakampata McCarthy. Hapo kambi ya pili iliimba, na mimi nikiwa miongoni mwao. Kisha wakapanda tena kutoka 23 hadi 17 ili kumpata Turner, wakiwapa Jacksonville nafasi ya 167 pamoja na raundi ya tatu na ya nne za mwaka 2025. Jacksonville walioshuka hadi 23 wakamchukua Brian Thomas Jr. wa LSU, mpokeaji wa pasi aliyepata zaidi ya yadi 1,200 katika msimu wake wa kwanza. Turner mwaka huo alicheza nyuma ya Jonathan Greenard na Andrew Van Ginkel. Sisemi hafai, kijana ana kasi na mikono. Nasema bei ilikuwa kali.

Sasa fungua programu hiyo hiyo mwezi wa Machi 2025, uchague Vikings. Nafasi nne tu: 24, 97, 139 na 187. Raundi ya pili ilikwenda Houston, ya tatu na ya nne Jacksonville. Hiyo 97 yenyewe ni fidia ambayo ligi ilitupa kwa kumpoteza Cousins. Unamchagua mtu wako wa 24, halafu unakaa kutazama majina 72 yakiondoka, bila zamu yako. Wale wote uliokuwa unawapigia debe wiki nzima, mabeki wa pembeni, wakabaji wa katikati ya safu, wanakwenda mmoja mmoja. Sijaona darasa la drafti lililonifundisha zaidi ya ule ukimya wa kusubiri 97. Na hili ni jema ambalo programu imelifanya bila kukusudia: mwaka wa kwanza ilitufundisha kukopa, wa pili ikatuonyesha deni.

Ubishi wa mwaka huo ulikuwa mtamu kwa sababu ulikuwa mwembamba. Chaguo moja la maana, basi. Wengine walitaka beki wa nyuma kama Malaki Starks wa Georgia, wengine Jahdae Barron wa Texas. Mimi nilishikilia kwamba McCarthy anarudi kutoka kwenye jeraha la goti, lile lililomnyima msimu mzima wa 2024 baada ya mechi moja tu ya kujipima nguvu, kwa hiyo kila kitu kiende kwa watu wa kumlinda. Barron alichukuliwa na Denver nafasi ya 20. Zamu yetu ilipofika Vikings walimtaja Donovan Jackson wa Ohio State, mlinzi wa ndani kwenye safu ya mbele. Nilifurahi kweli kweli.

Jackson ananileta kwenye udhaifu wa pili. Kwenye orodha ya programu kijana huyu alikuwa mstari mmoja: jina, chuo, nafasi anayocheza, namba ya cheo. Hapakuwa na pahala palipokwambia kwamba msimu wa 2024, Josh Simmons alipoumia, Jackson alihamishwa kutoka nafasi yake ya ndani akaenda kulinda pembeni kushoto, kazi ngumu kuliko zote kwenye safu hiyo, na Ohio State wakaishia kutwaa ubingwa wa taifa. Mtu wa namna hiyo huwezi kumsoma kwenye namba ya cheo. McCarthy naye vivyo hivyo. Waliompinga walitaja mechi ya Penn State ya Novemba 2023, aliporusha pasi 8 tu, kana kwamba hawezi kurusha. Michigan walikuwa wanaongoza na mashambulizi yao ya kukimbia na mpira yanafanya kazi, arushe za nini? Huo ndio ubishi wenye nyama, na unapatikana kwa kutazama mechi. Programu haiwezi kukupa.

Na alama za mwisho! Ukimaliza raundi, programu inakupa alama kama za shuleni, A au C. Zinatoka wapi? Kwa ninavyoona mimi, ukimchukua mtu ambaye cheo chake kwenye orodha yao ni cha juu kuliko nafasi uliyomchagulia, unapanda. Ukimchukua "mapema", unashuka. Maana yake unasifiwa kwa kukubaliana na orodha yao. Jamaa mmoja wa kijiweni ana tabia ya kuinua simu na A yake juu katikati ya hoja ya mwenzake, na mazungumzo yanakufa hapo. Linaniudhi, kwa sababu hoja ya mwenzake mara nyingi ni bora. Ushauri wangu: mkicheza kwa kikundi, kila mtu aseme sababu yake kwa mdomo kabla hajabonyeza jina, na ukurasa wa alama msiufungue.

Kompyuta pia inachagua kwa adabu mno. Inaangalia pengo la timu, inaangalia orodha, inajaza. Timu za kweli hazina adabu hiyo. Mwaka 2024 Atlanta, walewale waliomlipa Cousins mwezi mmoja tu nyuma, walimchukua kwotabeki mwingine, Michael Penix Jr. wa Washington, nafasi ya 8. Katika majaribio yetu yote Atlanta hawakuwahi kugusa kwotabeki. Makwotabeki sita walikwenda ndani ya nafasi 12 za kwanza, na wachezaji 14 wa mwanzo wote walikuwa wa upande wa kushambulia. Ndiyo maana Turner, ambaye kwenye simu zetu alikuwa akitoweka kabla ya 11, alikuwepo mpaka 17. Kwa hiyo usiitumie programu kutabiri. Itumie kujizoeza kuamua ukiwa umebanwa.

Namna ninavyoiweka siku hizi: raundi zote saba, kasi ya polepole, na nafasi za mwaka ujao nimezizima kabisa. Programu nyingine zina swichi yake kwenye mipangilio, nyingine hazina, na hapo tunakubaliana wenyewe tu kwamba hazigusiki. Tangu tuanze hivyo, biashara zimepungua na maneno yameongezeka. Mtu akitaka kupanda foleni lazima atoe cha mwaka huu, kitakachomuuma jioni ileile raundi ya tatu ikifika. Shemeji yangu bado anapanda, lakini sasa anajua anachokiacha, na hoja zake zimekuwa nzito hata mimi nikimpinga.

Matangazo yapo, hasa katikati ya raundi, na yanakera pale saa inapohesabu. Baadhi ya programu zina toleo la kulipia, ambalo huongeza vitu kama kubadilishana zaidi au kuhariri orodha ya wachezaji. Hilo la kuhariri orodha ndilo pekee ambalo ningelitolea pesa, kwa sababu unapanga vyeo kwa macho yako mwenyewe. Kwa kijiwe kama chetu toleo la bure linatosha. Ukitumia simu, ilaze upande kabla hujafungua meza ya kubadilishana, la sivyo safu ya kulia inakatika na utatoa nafasi ambayo hukuiona.