Mkanda wa mgongo kwa miezi 8: uzoefu wangu, na kwa nini daluga sijazitundika

Mkanda niliununua soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, mwaka jana mwezi wa sita. Muuzaji alianza na 45,000, tukapatana 35,000. Ni ule mpana mweusi: mbele unanata kwa velkro, ubavuni una lastiki mbili za kukazia, na mgongoni umeshonewa vyuma vinne vyembamba vilivyopinda kufuata kiuno. Shida yangu ilikuwa moja tu, nirudi uwanjani. Mimi ni beki, namba nne, kwenye timu ya maveterani ya mtaani kwetu huku Uyole, na nilishakaa nje msimu mzima nikishika chupa za maji za wenzangu.

Mgongo wangu uliharibiwa na viazi. Hiyo ndiyo biashara yangu, na miaka 6 iliyopita nilimsaidia kijana kupandisha gunia kwenye Canter. Lilikuwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini mnaijua ile kofia inayoshonewa juu, na hadi leo inaniuma kuona vijana wa miaka 20 wakibebeshwa mizigo ile kila siku. Niliinama na kugeuka kwa mpigo mmoja, nikasikia kitu kimeachia kiunoni. Kipimo cha MRI kikaonyesha diski ya chini kabisa (diski ni ule mto laini kati ya pingili za mgongo), ile wanayoiandika L5-S1, imetokeza nyuma na kugusa mshipa wa fahamu. Ndiyo maana maumivu yalikuwa yanashuka kutoka tako la kushoto hadi kisiginoni. Ya mguu yaliisha baada ya miezi kadhaa. Ya kiuno yalibaki: wiki tatu nzuri, ya nne nashindwa hata kuvaa soksi.

Sasa mkanda. Kazini ulinisaidia, sitasema uongo. Siku za kupakia, ukiukaza vizuri unakukumbusha usiiname ovyo, na kwenye bajaji za barabara mbovu kiuno kinatulia. Ila nilikaa nao kutwa nzima, asubuhi hadi usiku, na hapo ndipo nilipokosea.

Uwanjani ni habari nyingine. Namba nne anaruka, anageuka, anakimbia kinyumenyume. Mechi ya kwanza, kabla hata ya mapumziko, mkanda ulikuwa umeshapanda mbavuni. Ukiukaza zaidi, unabana tumbo na pumzi inakata. Ukiulegeza, unazunguka. Jasho lilijaa ndani hata kwenye baridi ya mwezi wa saba, ngozi ikachubuka pale vyuma vinapoishia. Mwezi wa tatu tangu niununue, velkro ilishika nyasi kavu na vumbi, haikunata tena. Nikienda hewani kupiga kichwa inaachia. Nikaurudisha kwa muuzaji, akanionyesha kibao: mali ikishauzwa hairudishwi. Nilinunua mpira wa kufungia mizigo kwenye pikipiki, nikauzungushia juu yake.

Kibaya zaidi, kwa kuuamini mkanda nilicheza mechi nzima siku ile ile niliyotoka kupakia gari. Jumatatu nilienda chooni kwa magoti. Mke wangu alisimama mlangoni akaniuliza, "Baba, mpaka lini?"

Hapo ndipo nilipokwenda kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, shilingi 20,000 kwa kila mara, nikaenda mara sita. Dada mdogo tu kiumri. Kwanza aliniuliza kama mkojo unanitoka bila kujua, kama nina ganzi katikati ya mapaja au mguu unazidi kukosa nguvu. Nikasema hapana. Akasema siku nikiona mojawapo nisisubiri kesho, niende hospitali saa hiyo hiyo. Kisha: "Kaka, vua huo mkanda. Simama kwa mguu wa kushoto." Nikasimama. Sekunde ya sita mguu ukaanza kutetemeka kama wa mtoto anayejifunza kutembea.

Alinieleza kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, na mikanda imo kwenye orodha ya vitu lisivyopendekeza kwa wagonjwa walio wengi. Mazoezi na elimu kwa mgonjwa vinapendekezwa. Mwongozo ule unahusu maumivu yasiyo na chanzo kinachojulikana wazi, na mimi nina diski, kwa hiyo alinipima mwenyewe kabla ya kunipangia chochote.

Alinipa mazoezi matatu ya Stuart McGill, mtafiti wa mgongo kutoka Kanada. Nililolipenda ni hili: unapiga magoti, viganja chini, unanyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, sekunde kumi, halafu unabadilisha. Aliniwekea kikombe cha plastiki chenye maji juu ya kiuno. Wiki ya kwanza nililowa kila siku. Wiki ya tano maji hayakumwagika hata tone, nikamwita mwanangu aje aone. La pili unalala ubavu na kujiinua kwa kiwiko, la tatu unalala chali unainua kichwa na mabega kidogo tu.

Jambo jingine alilonifundisha limenifaa kuliko mkanda. Usiku diski hunyonya maji, kwa hiyo ukiamka zimevimba na kuinama kunazibana zaidi. Mimi nilikuwa naamka, nakunywa chai, na saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye jogingi nikijikunja kugusa vidole vya miguu! Sasa saa ya kwanza natembea tu. Kuinua mzigo nako ni kwa nyonga, makalio yanarudi nyuma kama unayafungia mlango wa gari huku mikono imejaa.

Kurudi kulichukua miezi minne. Kutembea kwanza, kisha kukimbia kwenye barabara ya vumbi badala ya lami, kisha dakika 15 za mpira bila mkanda. Leo nacheza kipindi kimoja. Kona za juu nimemwachia mwenzangu wa pembeni, kocha anajua. Maumivu hayajaisha. Yakija napunguza, nafanya yale matatu, natembea, silali kitandani wiki nzima kama zamani.

Mkanda kwa kazi ya kupakia, kwa saa moja au mbili, naupa nyota tatu. Kwa mpira nyota moja, na kwa 35,000 hiyo ningeenda kwa yule dada mapema. Yeye nampa tano, ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Wiki iliyopita tulicheza na wa kutoka Igawilo, tukatoka sare 1-1, na Jumatatu asubuhi nilivaa soksi mwenyewe, nimesimama.