Rameni ya Hakata au ya Sapporo?

Kwenye migahawa ya rameni, yaani tambi ndani ya supu, huko Japani, mara nyingi unatia hela kwenye mashine mlangoni, unapata tiketi, unamkabidhi mpishi, unakaa kwenye kaunta.

Hakata, mjini Fukuoka, supu ni ya mifupa ya nguruwe iliyochemshwa saa nyingi mpaka ikawa nyeupe kama tui. Tambi ni nyembamba, zimenyooka, nawe unachagua ugumu wake. Sema "kata", yaani ngumu, maana hulainika upesi bakulini. Zikiisha, usimalize supu! Agiza "kaedama", fungu jingine la tambi, likatumbukizwe humo humo. Kwa mwenye njaa kweli, hapa ndipo.

Sapporo, kaskazini kwenye theluji, ni miso, yaani soya iliyochachushwa. Mboga hukaangwa kwanza kwa moto mkali. Tambi ni nene, za manjano, zimejikunja, na utando wa mafuta juu huzuia joto lisitoke. Wengine huongeza mahindi na siagi. Siku ya baridi mimi sifikirii mara mbili, naichukua hii.

Asiyekula nguruwe asidhani miso ni salama. Supu yake nayo mara nyingi hutokana na mifupa hiyohiyo, kwa hiyo atafute duka la halali.