Chuo cha udereva mjini Moshi: nilivyohudumiwa baada ya kuanguka kipengele cha mlima

Nimejifunza kuendesha gari dogo katika chuo kimoja cha mjini Moshi ambacho sitakitaja jina, na tathmini yangu inahusu zaidi siku zilizofuata jaribio la vitendo, kwa kuwa ada ilikuwa imekwisha kulipwa yote na chuo hakikuwa tena na sababu ya kunibembeleza.

Nilianguka kipengele kimoja tu. Kurudi kinyumenyume kati ya koni nilifanya vizuri, na kwenye mzunguko wa YMCA niliwapisha waliotoka kulia kwangu. Lakini nilipoagizwa kusimama kwenye mwinuko na kuondoka tena, gari lilirudi nyuma karibu mita moja, kisha likazimika. Askari wa usalama barabarani alinieleza kosa kwa adabu na kunitaka nikafanye mazoezi kabla ya kurudi.

Ofisini nilipokelewa kwa maneno mafupi: saa za ziada ni shilingi 20,000 kila moja. Fomu niliyosaini wakati wa kujiandikisha haikutaja gharama hiyo popote. Isitoshe, wiki zote nne tulikuwa tumefundishwa kwenye kiwanja tambarare, katika mji ambao ukishika tu barabara ya Kibosho au ya Uru unaanza kupanda. Kwa hiyo kosa lile halikuwa langu peke yangu.

Mwalimu, kwa upande wake, alistahili kila shilingi. Alinipeleka kwenye mwinuko wa njia ya Kibosho, akashuka, akalaza chupa tupu ya maji nyuma ya tairi la nyuma, akarudi kuketi kando yangu. "Mama, sikiliza chupa, usinisikilize mimi," alisema. Chupa nne zilipondeka saa ya kwanza. Kosa langu lilikuwa kuachia breki ya mkono kabla klachi haijashika, kwa hofu ya magari yaliyokuwa nyuma. Alinifundisha kuipandisha klachi taratibu huku nikiongeza mafuta kidogo, hadi mngurumo wa injini ushuke na boneti iinuke kidogo, nibaki hapo nikihesabu hadi mbili, ndipo niachie breki. Saa ya tatu, chupa ya mwisho ilibaki nzima, naye akaiokota na kuirudisha kwenye buti kwa ajili ya mwanafunzi mwingine.

Niliporudia jaribio, gari halikurudi nyuma hata kidogo, nami nikaendelea na taratibu za Mamlaka ya Mapato (TRA) za kupata leseni. Kwa anayetaka kujiunga, ningemshauri amwombe mwalimu amfundishe mlimani tangu wiki ya kwanza, na adai bei ya saa za ziada iandikwe kwenye fomu kabla ya kusaini. Stakabadhi ya shilingi 60,000 nilizolipia zile saa tatu bado ninaifuatilia.