Bastola ndogo mpya: ipi ununue sasa, ipi uisubiri, na kwa nini jina la kampuni halitoshi

Mtu anayetaka bastola ndogo ya kubeba kiunoni mara nyingi huingia dukani akiwa amekwisha kuchagua kampuni, na kilichobaki ni kuchagua rangi tu. Huo ndio utaratibu ninaoupinga hapa. Kampuni iliyokupa bastola isiyokwama miaka 10 iliyopita inaweza kukuuzia leo toleo jipya lenye kasoro, na kampuni inayobezwa na wapenzi wa silaha inaweza kutoa moja iliyo nzuri kabisa. Kwa hiyo nimezipanga bastola hizi kwa mambo mawili: toleo lenyewe limekaa sokoni muda gani, na mtengenezaji alifanya nini kasoro zilipojitokeza. Ninazozungumzia ni za risasi ya milimita 9, nyembamba za upana wa inchi 1 hivi, ambazo soko lake kubwa ni raia wa Marekani wanaoruhusiwa na sheria kumiliki silaha.

Kwa nini ndogo husumbua kuliko kubwa

Bastola inayojijaza yenyewe hutegemea kitelezi, yaani ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapolia, kutema ganda na kusukuma risasi nyingine kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu, inaporejea mbele. Katika bastola kubwa kama Glock 17, ambayo mtutu wake una inchi 4.49, kitelezi ni kizito na kina nafasi ya kutosha ya kusafiri. Katika Springfield Hellcat yenye mtutu wa inchi 3, au SIG Sauer P365 yenye mtutu wa inchi 3.1, kitelezi ni chepesi na safari yake ni fupi, ilhali nguvu ya risasi ni ile ile. Mtengenezaji analazimika kuweka springi kali zaidi ili kukizuia. Kwa kuwa safari ni fupi, springi ya magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, nayo hupata muda mdogo zaidi wa kuinua risasi inayofuata. Springi ya magazini ikiwa dhaifu kidogo, mdomo wa magazini ukiwa umekunjwa vibaya kidogo, au mpigaji akilegeza kifundo cha mkono, risasi hukwama. Kosa ambalo bastola kubwa ingelimeza kimyakimya, ndogo hulitangaza.

Jambo la pili ni namna vyuma vya ndani vinavyotengenezwa siku hizi. Vingi havichongwi kutoka kipande kizima cha chuma. Unga laini wa chuma huchanganywa na kitu cha kuushikamanisha, ukasukumwa ndani ya kalibu, kisha ukachomwa katika tanuru mpaka uwe kitu kimoja. Njia hii si mbaya, na wanaoilaani kwa jumla wanakosea, kwa sababu nyundo na vishikio vilivyotengenezwa hivyo vimepiga maelfu ya risasi bila tatizo. Tabu yake ni kwamba joto au mchanganyiko ukikosewa siku moja, hakiharibiki kipande kimoja bali fungu zima, na kwa macho huwezi kutofautisha kizima na kibovu.

Rekodi ambayo wapenzi wa chapa hupenda kuisahau

Karibu kila jina kubwa limewahi kuaibika. Ruger ilitoa LCP mwaka 2008, na mwaka huo huo ikawaomba wanunuzi wairudishe kiwandani kwa sababu ingeweza kufyatuka ikianguka. Mwaka 2011 Glock iliwabadilishia wanunuzi wa bastola zake za kizazi cha nne springi kuu, ile inayokizuia kitelezi. Agosti 2013 kampuni mbili zilitoa onyo katika mwezi mmoja: Springfield kuhusu XD-S, ambayo ingeweza kufyatuka kitelezi kinapofungwa bila mtu kugusa kifyatuo, na Smith & Wesson kuhusu M&P Shield, ambayo kizuizi kilichomo kwenye kifyatuo chake kingeweza kushindwa kazi bastola ikianguka. Mwaka 2014 Remington ilileta R51 kwa mbwembwe nyingi, ikaiondoa sokoni baada ya miezi michache, na ilipoirejesha mwaka 2016 hapakuwa na aliyeisubiri. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; katika biashara hii kibaya nacho hujiuza kwa muda, kikibebwa na jina la chema kilichotangulia.

Mfano unaonifunza zaidi ni wa SIG Sauer P320. Januari 2017 jeshi la Marekani liliichagua kuwa bastola yake rasmi, na Agosti mwaka huo huo ikadhihirika kwamba bastola za aina hiyo zilizouzwa kwa raia zingeweza kufyatuka zikianguka kwa pembe fulani. Kampuni ikatangaza marekebisho ya bure na kuyaita ya hiari. Wapo waliokataa kuzipeleka, kwa hoja kwamba jeshi haliwezi kukosea, kana kwamba uamuzi wa jeshi ungebadilisha uzito wa kifyatuo kilichomo ndani ya bastola yao. Mashauri mahakamani ya watu wanaodai kwamba bastola hiyo hufyatuka bila kuguswa yaliendelea miaka mingi baadaye, na kampuni inakana. Sitegemei umakini wa kiwanda kwa sababu tu ya jina lake, na sioni aibu kusema hivyo mbele ya wanaoipenda SIG, nami nikiwa mmoja wao.

Mnunuzi wa Marekani anapaswa kujua pia kwamba Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, ambayo hushughulikia hata vitanda vya watoto na vikaangio, haina mamlaka juu ya silaha za moto. Hakuna chombo cha serikali kuu kinachoweza kukilazimisha kiwanda kurudisha bastola mbovu. Kila tangazo la kurudisha ni uamuzi wa kampuni yenyewe. Jimbo la California linadai bastola mpya ipige risasi 600 bila kukwama zaidi ya mara 6 na iangushwe bila kufyatuka, lakini hupimwa bastola chache za mfano, si ile utakayoinunua. Katika nchi nyingi za Ulaya kila bastola hupigishwa risasi za shinikizo kubwa kuliko la kawaida kabla ya kuuzwa. Kipimo hicho huonyesha kwamba chuma hakitapasuka. Hakisemi lolote kuhusu kukwama.

Mpangilio wangu

Ya kwanza ni Glock 43X. Ilitoka Januari 2019, hubeba risasi 10 katika magazini yake ya asili, na haina jambo la kusisimua hata moja, jambo ambalo kwangu ni sifa. Mtutu wake wa inchi 3.41 na mpini mrefu kiasi hukipa kitelezi nafasi na mkono mahali pa kushika, hivyo baadhi ya matatizo niliyoyaeleza juu hupungua yenyewe. Alama zake za kulengea za plastiki ni duni na utataka kuzibadilisha. Usikimbilie magazini za kampuni nyingine zinazoahidi risasi 15: zile za chuma hudai ubadilishe pia kishikio cha magazini kiwe cha chuma, la sivyo kile cha plastiki huliwa taratibu mpaka magazini ianze kushuka kidogo kutoka mahali pake.

Ya pili ni SIG Sauer P365, na hapa najua nitabishiwa. Ilipotoka Januari 2018 ilibadilisha soko lote, kwa kuwa ilibeba risasi 10 ndani ya umbo ambalo washindani walikuwa wakiwekea 6 au 7. Wanunuzi wa miezi ya mwanzo walilipia sifa hiyo: pini za kufyatulia, zile zinazogonga kitako cha risasi, zilivunjika, springi za kifyatuo zilikufa, na vitelezi havikufunga barabara. Kampuni ilibadilisha sehemu hizo wakati uzalishaji unaendelea. Ndiyo maana P365 mpya ya leo naipendekeza bila wasiwasi mkubwa, na iliyotumika ya mwaka 2018 siipendekezi kabisa isipokuwa muuzaji aonyeshe karatasi kwamba ilipitia kiwandani. Jina ni lile lile kwenye bastola mbili zisizolingana.

Ya tatu ni Smith & Wesson M&P Shield Plus ya mwaka 2021, ambayo huja na magazini za risasi 10 na 13. Kifyatuo chake, kwa maoni yangu, ndicho kizuri kuliko vyote humu, na imejengwa juu ya Shield ya mwaka 2012 ambayo kasoro zake zilikwisha kufahamika. Usiichanganye na Shield EZ, iliyo bastola nyingine kabisa yenye nyundo ya ndani. Hiyo ilirudishwa Novemba 2020 kwa sababu ya nyundo zisizotimiza kipimo, katika bastola zilizotengenezwa kati ya Machi na Oktoba mwaka huo. Sina ushahidi kwamba haraka ndiyo iliyosababisha, lakini mwaka 2020 ndio ambao ukaguzi wa wanunuzi wa silaha Marekani ulikaribia milioni 39.7, na ningekuwa mwangalifu na bastola yoyote iliyotoka kiwandani katika msimu wa mahitaji ya namna hiyo.

Hellcat ya mwaka 2019 inafuata. Hubeba risasi 11, au 13 kwa magazini ndefu, na hutengenezwa Croatia na HS Produkt. Haijanipa sababu ya kuilaumu zaidi ya ukali wa mrusho wake, yaani namna inavyorusha mkono inapolia, unaowachosha wapigaji wapya wakaacha kufanya mazoezi. Ruger MAX-9 ya mwaka 2021 inatosha kwa mwenye bajeti ndogo.

Taurus GX4, pia ya mwaka 2021, naiweka chini yake. Ni bastola nzuri mkononi na hubeba risasi 11, na wanaoicheka kwa sababu tu ni ya kampuni ya Brazil hawajaipiga. Hata hivyo mwaka 2023 kampuni ilionya kwamba baadhi ya GX4 zingeweza kufyatuka zikianguka. Ukiiona dukani, isome namba iliyochongwa ubavuni na uilinganishe na tangazo hilo kabla ya kutoa pesa.

Mwisho kabisa naweka bastola yoyote ambayo haijamaliza mwaka mmoja sokoni, iwe ya kampuni gani. Sisemi ni mbovu. Nasema kwamba mnunuzi wa mwaka wa kwanza anafanya kazi ya mkaguzi wa kiwanda bila kulipwa, na kama unaitaka kwa ajili ya kujilinda na si kwa kukusanya, hiyo si kazi yako.

Kabla ya kulipa, na baada yake

Kagua dukani, kwa kuwa wauzaji wengi hawapokei tena bastola ikishaandikishwa kwa jina lako. Baada ya kuhakikisha haina risasi, na kwa ruhusa ya muuzaji, kivute kitelezi nyuma polepole kisha kirudishe polepole ukikishikilia: kisisite wala kukwaruza. Ingiza kila magazini tupu iliyomo sandukuni, siyo moja tu, na kila moja ikifungie kitelezi nyuma, kisha bonyeza kitufe uone kama inaanguka yenyewe. Tazama mtutu unavyokaa bastola ikiwa imefungwa, na kama alama ya kulengea ya nyuma iko katikati. Niliwahi kupuuza alama iliyopinda kwa upana wa ukucha, nikijiambia kwamba kampuni yenye sifa kama ile haiwezi kukosea. Ilikosea, na risasi zote zikaenda kushoto.

Kisha nenda uwanja wa shabaha na risasi zisizopungua 200, angalau 50 kati yake ziwe za aina ile ile utakayobeba. Zipe magazini zako namba kwa kalamu, na kila inapokwama andika namba ya magazini, aina ya risasi na hesabu ya risasi zilizokwisha kupigwa. Ikikwama mara 3 na zote ni magazini namba 2, tatizo ni magazini.

Okota pia maganda kadhaa na uyatazame kitakoni. Katikati ya ile fataki ndogo ya shaba pini huacha shimo. Likiwa la duara safi, ni vyema. Likiwa na mkia unaovutwa upande mmoja, kama tone la maji lililoteleza kwenye kioo, pini inachelewa kurudi ndani wakati mtutu unaanza kushuka. Ndiyo alama waliyoiona wanunuzi wengi wa P365 za mwanzo, baadhi yao kabla pini hazijavunjika. Bastola kadhaa huishi na mkia huo bila madhara. Ukiuona unarefuka kutoka risasi ya 50 hadi ya 200, acha kupiga.

Ukiirudisha kiwandani, omba kampuni igharamie usafirishaji, kwani nyingi hukubali kwa bastola mpya, na tuma pamoja nayo magazini zako zote zenye namba, maganda 3 au 4 yenye mkia, na nakala ya maandishi yako. Fundi anayepokea bastola yenye barua inayosema tu kwamba inakwama ataipiga risasi chache kwa mkono wake imara, haitakwama, naye atakurudishia kama ilivyokuwa.