Nta gani ununue kwa vipande vya kaboni vya gari

Kabla hujatoa pesa, jua kwanza unapaka wapi. Boneti au spoila ya kaboni ni nyuzi zilizofumwa zikagandishwa kwa epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu, kisha kwa kawaida juu yake ikapigwa klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, kama ile ya kwenye rangi ya gari. Nta hukaa juu ya hiyo klia, nyuzi haizigusi kabisa. Kwa hiyo chupa iliyoandikwa "maalumu kwa kaboni" usiiongezee hata senti. Kinachoua kaboni ni jua: miale ya urujuanimno huifanya epoksi iwe ya manjano. Tafuta kopo linalotaja kinga ya miale hiyo.

Ya kwanza kwangu ni silanti, nta ya polima inayotengenezwa kiwandani. Unapaka kwa mkono, unafuta, imekwisha, na unakaa nayo miezi kadhaa. Mwenye spoila na vioo viwili vya pembeni hahitaji zaidi ya hapo.

Ya pili ni seramiki, kinga ya majimaji inayoganda ikawa tabaka gumu juu ya klia. Kwa kudumu inaipita silanti mbali: mwaka au zaidi, na maji juu yake hukimbia kama kwenye jani la magimbi. Mbona basi nimeishusha? Kichupa cha mililita 30 mara nyingi kinatosha gari zima, na ukishakifungua, kinachobaki huganda humo humo. Halafu ukichelewa kuifuta inaacha mabaka ambayo hayatoki ila kwa polishi. Kama unapaka gari lote, geuza mpangilio wangu, seramiki iwe ya kwanza.

Kanauba, nta ya majani ya mti fulani wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, naiweka ya tatu. Mng'ao wake ni mtamu, ule ufumaji wa nyuzi unaonekana kama umezama majini. Lakini ni wa wiki chache tu. Inunue kama kupaka kwenyewe kunakuburudisha.

Polishi ndiyo ya mwisho, na wengi huianza hiyo. Polishi hailindi chochote, inakwangua. Klia nyingi zina unene wa mikroni 50 hivi, chini ya unywele. Mimi niliponunua ile kali na kuisukuma kwa mashine kwenye ukingo wa spoila, dakika chache tu kikatokea kibaka kilichofifia, ukubwa wa ukucha. Nilipopitisha kidole nikahisi mistari ya nyuzi. Hapo dawa ni msasa na klia mpya kwa fundi wa rangi.

Kwa hiyo jaribu kwanza: lowesha kipande maji. Ukungu na mikwaruzo ya utando wa buibui ikipotea kikiwa kimelowa, huenda polishi laini ikasaidia. Nunua laini, sifongo laini, na kingo uzizibe kwa tepu. Manjano ikibaki pale pale, iko ndani, na hakuna kopo litakaloifikia.

Boneti inayopigwa mawe ni habari nyingine, hiyo inataka filamu ya plastiki ya kubandika.

Na kama kaboni yako ni ile isiyong'aa, weka chini vyote nilivyotaja. Polishi itaiachia madoa yanayong'aa yasiyotoka, na nta ya kawaida itaipaka mabaka. Nunua kinga iliyoandikwa wazi kuwa ni ya rangi zisizong'aa, uijaribu kwanza upande wa ndani.