Saa ya Sh 25,000 kwenye joto la Tanga

Ni saa ya mishale ya kawaida kabisa: kasha la plastiki, uso mweupe, namba nyeusi kubwa, na neno Quartz limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya 12. Ninashinda nayo mkononi, dukani Ngamiani na kwingineko.

Kwa upande wa majira, sina la kuilaumu. Ndani mna kipande kidogo cha kwatzi (ndiyo hiyo Quartz, aina ya jiwe la fuwele) ambacho kikipata umeme wa betri hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Sakiti huihesabu mitetemo hiyo, na kila ikitimia sekunde, mshale unaruka hatua moja. Saa za aina hii, hata za bei ya chini, hukosea kama sekunde 15 au 20 kwa mwezi. Naiweka sawa kwa kuangalia simu, yamekwisha.

Kasoro ni mkanda. Ilikuja na ule unaoitwa wa ngozi, na joto la Machi hapa mnalijua. Ukitoka Makorora kwa baiskeli, ukifika mjini jasho limeshatuama chini ya saa. Mkanda ukaanza kunuka, ukavimba, mwisho ukabanduka kwenye matundu, na ndani ngozi yenyewe siioni, naona kadibodi! Nikatia wa nailoni. Huo unafuliwa kwa sabuni ya kipande kama soksi, unaanikwa, unavaliwa. Pimeni tu upana wa nafasi mkanda unapoingia kwenye saa kabla ya kununua; yangu ni milimita 18.

Nyuma imeandikwa 30M. Msidanganyike mkadhani ni ruhusa ya kuzama mita 30. Hicho ni kipimo cha maabara. Kwa matumizi yetu maana yake ni manyunyu ya mvua na kunawa mikono. Nikienda kuogelea Raskazone inabaki nyumbani. Wakati wa udhu naivua ili maji yafike kwenye ngozi, na naitia mfukoni papo hapo, maana saa zinazosahaulika pale kwenye mabomba ya msikiti ni nyingi.

Sasa betri, na hapa ndipo wengi wanapoliwa. Yangu inatumia SR626SW. Fundi wa barazani anaweza kukuwekea AG4: umbo ni lile lile, inaingia vizuri, saa inatembea, unaondoka umefurahi. Lakini AG4 ni ya alkalini. Nguvu yake hupungua kadiri inavyotumika, na ikizeeka ni rahisi kuvuja ikala mashine. SR ni ya oksidi ya fedha, volti 1.55, na huzishikilia hadi karibu inakufa. Mwambie, "Fundi, naomba SR, na niione kabla hujafunga." Aitazame na ile raba nyembamba ya mfuniko. Ikikaa upande, unyevu wa pwani hauhitaji mlango mkubwa. Utaona ukungu ndani ya kioo. Na saa ikisimama, betri iliyokufa itolewe, isiachwe humo miezi.

Kwa mwalimu anayesimamia mtihani, muuza duka, au dereva wa bodaboda asiyetaka kuchomoa simu njiani, chukueni, bei ni halali yake. Ndugu zangu wa Deep Sea hapa Tanga mnaoshinda na maji ya chumvi, ongezeni pesa mpate ya 100M yenye mkanda wa raba, na hata hiyo isuuzeni kwa maji ya bomba mkirudi.